Ramani ndani ya telefone: kwa nini moja inakula mega na ingine inatembea bila rezo

Motari anapakia mutu kwenye ronpwe Chukudu, mujini Goma. Mutu huyo anataka kufika kwenye kituo cha afya ndani ya kartie ambayo motari haijui vizuri. Anatoa telefone, anafungua ramani. Juu ya kioo, alama ya buluu inaonyesha fasi waliposimama, lakini pembeni yake kuko paka kare za kijivu, tupu. Mega zimeisha. Motari wa pili anakaribia. Telefone yake ni ya zamani kidogo, nayo haina mega hata moja. Anafungua ramani ingine, na barabara zote zinaonekana: avenie, kanisa, masomo, soko, hata kile kituo cha afya kinachotafutwa.

Wengi wameshaona jambo kama hilo, ikuwe Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira. Wamoja wanasema ni bahati ya rezo. Wengine wanasema ni juu telefone moja ni ya bei kuliko ingine. Lakini sababu kubwa iko fasi ingine: ni namna ramani yenyewe imetengenezwa na namna inasafiri kutoka kwenye seva mpaka mukononi mwa mutu. Kuko ramani zinazofika kama picha, na kuko ramani zinazofika kama maelezo ya kuchora. Za kwanza zinaitwa ramani za pikseli, za pili ramani za vekta. Kwa mutu anayenunua mega kidogo kidogo na kusafiri fasi ambapo rezo inapotea nyuma ya mulima, tofauti hiyo inagusa mufuko wake, na siku ingine inaweza kugusa uzima wake.

Picha ya ujumbe na ujumbe wenyewe

Mufano mwepesi unapatikana ndani ya WhatsApp. Mutu anaweza kutuma tangazo kwa namna mbili. Anaweza kuliandika kwa herufi, ao anaweza kulipiga picha na kutuma ile picha. Kwa macho, matangazo yote mawili yanasomeka. Lakini yule anayepokea anaona haraka kama si kitu kimoja.

Picha ni nzito, maandishi ni mepesi. Mutu akivuta picha kwa vidole kusudi ikuwe kubwa, herufi zinaanza kuwa na ukungu. Maandishi yenyewe, hata yakikuzwa namna gani, yanabaki safi. Tena mutu hawezi kubadilisha neno ndani ya picha, wala kutafuta jina ndani yake. Ndani ya maandishi anaweza.

Ramani ya pikseli ni sawa na ile picha ya tangazo. Ramani ya vekta ni sawa na tangazo lililoandikwa. Mengine yote yanatoka hapo.

Ramani ya pikseli: vipande vya picha vilivyopangwa kama tofali

Pikseli ni kadoa kadogo sana ka rangi. Kioo cha telefone kimejaa madoa hayo, na picha yoyote si kitu kingine isipokuwa orodha ndefu: kadoa hiki ni kijani, kinachofuata ni kijani, kile ni cheupe. Telefone haijui kama mustari mweupe ni barabara ya Goma–Rutshuru. Inajua tu kama ni madoa meupe yanayofuatana.

Ramani ya dunia yote kama picha moja haiwezi kuingia ndani ya telefone. Kwa hiyo mainjinia waliikata vipande vya muraba. Google Maps, iliyofunguliwa mwezi wa pili mwaka wa 2005, njo iliyozoeza watu namna hiyo: kioo kinapokea vipande vidogo na kuvipanga kimoja pembeni ya kingine kama fundi anayepanga tofali. Kipimo kilichozoeleka ni pikseli 256 kwa 256, maana yake madoa 65 536 ndani ya kila kipande. OpenStreetMap, ramani ya bure iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na inayojazwa na watu wa kujitolea wa inchi nyingi, ilifuata mupango huo huo kwenye ukurasa wake.

Kisha kukaja jambo la kukuza. Kwenye kiwango cha 0, dunia yote inaingia ndani ya kipande kimoja. Kwenye kiwango cha 1, kila upande unakatwa mara mbili, na vipande vinakuwa 4. Kwenye kiwango cha 2 ni 16. Kila hatua inazidisha mara nne. Mutu akifika kiwango cha 10, dunia imekatwa vipande 1 048 576. Kwenye kiwango cha 18, pale ambapo nyumba moja moja zinaonekana, ni vipande zaidi ya miliare 68. Karibu na ikweta, kama huku Kivu na Ituri, kipande kimoja cha kiwango cha 18 kinafunika eneo la metre karibu 153 kwa 153. Ni karibu sawa na viwanja vitatu vya mupira.

Kila kipande kilichorwa kwanza kwenye seva: barabara kubwa rangi hii, ziwa rangi ile, jina la kartie hapa. Kisha ikafungwa kama picha na kuwekwa tayari. Telefone haina kazi kubwa. Inapokea picha na kuionyesha, basi. Lakini mutu akisogeza kidole upande wa Ndosho, picha zingine zinaitishwa. Akikuza hatua moja, zile za kwanza hazimusaidii tena na mupya zinaitishwa. Akirudi nyuma, hivyo hivyo, isipokuwa kama telefone ilizitunza. Na rezo ikikatika katikati, njo kare za kijivu zinajitokeza.

Ramani ya vekta: unga, si bugali

Ndani ya ramani ya vekta, seva haitumi picha. Inatuma maelezo. Kwa kweli kuko namna tatu tu za vitu ndani yake. Ya kwanza ni nukta: pompe ya maji, masomo, kituo cha afya. Ya pili ni mustari: barabara, muto, mupaka. Ya tatu ni umbo lililofungwa pande zote: ziwa, nyumba, kiwanja, mupaka wa kartie. Kila kimoja kinabeba tarakimu zinazosema fasi kilipo, na kinabeba pia maneno: huyu ni barabara, jina lake ni hili, iko na lami ao haina.

Ramani hizi nazo zinakatwa vipande vya muraba. Namna inayotumiwa sana leo ilitangazwa na kampuni Mapbox ya Marekani mwaka wa 2014, na iliachwa wazi kusudi kila mutu aitumie. Ndani ya kila kipande kuko hesabu ya kare ndogo ndogo, mara nyingi 4096 kwa 4096, na kila nukta ya barabara inaelezwa kwa kare yake. Telefone inasoma maelezo hayo, kisha inachora yenyewe, mara nyingi kwa kila sekunde, wakati mutu anasogeza kidole.

Njo maana mainjinia wamoja wanalinganisha mambo haya na jikoni, na mulinganisho huo unaeleweka hapa kwetu bila shida. Ramani ya pikseli ni bugali iliyokwisha kupikwa. Inafika ya moto ndani ya sahani, mutu anakula. Lakini hawezi kuirudisha kuwa unga, hawezi kuipunguzia mihogo na kuongeza mahindi, na kesho atalazimika kununua sahani ingine. Ramani ya vekta ni mufuko wa unga. Unabebeka, unakaa siku nyingi, na kila mutu anapika namna anavyopenda. Ila lazima akuwe na sufuria na makala. Kwa telefone, sufuria ni kichwa chake cha hesabu, na makala ni batri.

Hesabu ya mega

Kila kipande cha kiwango cha 14 kinafunika, karibu na ikweta, eneo la kilometre karibu 2,4 kwa 2,4. Hiyo ni sehemu nzuri ya muji kama Goma. Huduma nyingi za vekta zinatayarisha maelezo mpaka kiwango hicho cha 14 tu. Kuanzia hapo, mutu akiendelea kukuza mpaka 15, 16, 17 na 18, telefone haiitishi kitu kipya. Inachukua maelezo ile ile na kuyachora makubwa zaidi.

Kwa pikseli mambo ni tofauti. Kusudi eneo lile lile lionekane lote kwenye viwango vyote, kunahitajika kipande 1 cha kiwango cha 14, kisha 4, kisha 16, kisha 64, kisha 256. Jumla ni picha 341. Tuseme kila picha ni ya kilobaiti 15, na zile za fasi zenye nyumba nyingi zinaweza kupita hapo. Mutu anapata zaidi ya mega 5 kwa sehemu moja tu ya muji. Kipande kimoja cha vekta cha eneo hilo, hata likijaa nyumba, mara nyingi kinabaki chini ya mega moja.

Kweli, hakuna mutu anayeangalia picha zote 341 katika safari moja. Lakini motari anayezunguka muji siku muzima, ao muganga anayefuata wagonjwa kutoka kijiji mpaka kijiji, anakata sehemu kubwa ya hesabu hiyo bila kujua. Tena telefone za leo ziko na vioo vyenye pikseli nyingi sana. Picha ya 256 kwa 256 ikionyeshwa juu ya vioo hivyo, inakuwa na ukungu. Huduma zingine zinatuma picha ya 512 kwa 512 kusudi ipendeze, na hiyo ni madoa mara nne. Vekta haina shida hiyo: inachorwa kufuatana na kioo kilicho mbele yake, kikuwe kikubwa ao kidogo.

Kwa sababu ya wepesi huo, inawezekana kushusha jimbo lote, wakati mutu iko fasi penye Wi-Fi, na kulitunza ndani ya telefone. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2010 Google iliingiza uchoraji wa vekta ndani ya aplikasio yake ya Android, na watu wakaanza kuona ramani ikibaki hata rezo ikipotea. Aplikasio kama OsmAnd na Organic Maps, zinazotumia maelezo ya OpenStreetMap, zimejengwa juu ya wazo hilo: kushusha kwanza, kutembea kisha.

Hapa kuko jambo moja ambalo watu wengi wanachanganya. GPS haitumii mega. Telefone inasikiliza satelaiti zilizo juu angani, sawa vile radio inasikiliza mawimbi, na haina lazima ya kulipa. Mega zinaliwa na picha ya ramani inayowekwa chini ya ile alama ya buluu. Mutu aliyeshusha ramani mbele ya safari anaweza kuzima koneksio na bado kujua fasi alipo. Mara ya kwanza inaweza kuomba dakika chache akiwa chini ya anga wazi, lakini itafika.

Majina yanasomeka kwa lugha gani?

Faida ingine haionekani haraka, lakini kwa inchi ya lugha nyingi ni kubwa. Ndani ya ramani ya pikseli, jina limepakwa ndani ya picha. Kama seva iliandika "Lac Kivu", litabaki "Lac Kivu" kwa kila mutu. Hakuna namna ya kulitoa bila kuchora picha zote upya.

Ndani ya vekta, jina ni maneno yaliyoandikwa pembeni ya umbo la ziwa. OpenStreetMap inaruhusu kitu kimoja kikuwe na majina ya lugha nyingi: moja kwa Kifaransa, moja kwa Kingereza, moja kwa Kiswahili. Telefone inachagua. Maelezo ile ile inaweza kuonyesha "Lac Kivu" kwa mumoja na "Ziwa Kivu" kwa mwingine, kwa sharti mutu fulani akuwe ameandika jina hilo. Njo hapa kazi inabaki kwa wakaaji wenyewe. Mashini haitatunga jina la Kiswahili la kilima fulani ao la kijiji fulani. Wanaolijua ni wale wanaoishi pale.

Vilevile, mutu akigeuza ramani ya vekta kusudi ielekee upande anaokwenda, majina yanabaki wima na yanasomeka. Ramani ya picha ikigeuzwa, majina nayo yanalala upande ao yanasimama kwa kichwa. Na usiku, aplikasio inaweza kubadilisha rangi zote kuwa nyeusi kusudi mwangaza usimuumize motari macho, bila kuitisha kitu kwenye seva. Maelezo ni ile ile, ni rangi tu zilizobadilika.

Fasi ambapo picha inashinda

Itakuwa makosa kusema kama pikseli ni jambo la zamani la kutupwa. Kuko kazi ambazo vekta haiwezi.

Kazi ya kwanza ni picha ya satelaiti. Shamba, pori, mawe ya volkano, rangi ya maji ya muto kisha mvua kubwa: hivyo havina mustari ulio tayari. Ni picha na itabaki picha. Mutu anayetaka kuona kama mulima umeporomoka, anahitaji pikseli, si muchoro.

Kazi ya pili ni telefone nyonge. Kuchora vekta kunaomba kichwa cha hesabu na memware. Juu ya telefone ya bei ya chini, ramani ya vekta yenye nyumba nyingi inaweza kukwama kwama, kupasha telefone moto, na kula batri haraka. Mutu anayeishi fasi penye umeme wa shida anajua bei ya batri. Kwa huyo, picha nyepesi chache zilizokwisha kupikwa zinaweza kuwa afazali. Na mwenye kitochi cha kawaida, asiye na aplikasio, hana hata moja kati ya hizo mbili. Anabaki na njia ya zamani, ambayo ni kuuliza watu.

Kazi ya tatu ni kugawanya. Picha ya ramani iliyokatwa kwenye kioo na kutumwa ndani ya grupe ya WhatsApp inafunguka kwa kila mutu, bila aplikasio, bila maelezo. Chefu wa kartie anayetaka kuonyesha fasi ya mukutano hatatuma fichie ya vekta. Atatuma picha, na atakuwa na haki.

Lakini kwa karatasi ya kubandika ukutani, mambo yanageuka tena. Picha iliyokatwa kwenye telefone na kuprintiwa kubwa inatoka na ukungu, majina hayasomeki. Kituo cha afya kinachotaka ramani ya eneo lake la afya kwenye ukuta kinafanya vizuri kuomba iprintiwe kutoka kwa vekta. Hapo hata karatasi ya metre mbili inatoka safi.

Kutoka picha mpaka mustari: kazi ya mikono

Swali linabaki: maelezo ya vekta yanatoka wapi? Mara nyingi yanatoka ndani ya picha, kwa mikono ya watu. Mutu anakaa mbele ya kompyuta, anafungua picha ya satelaiti, na anafuata barabara kwa kubonyeza nukta moja moja. Anazunguka nyumba kwa nukta nne. Anafuata muto. Mwaka wa 2010 Microsoft iliruhusu OpenStreetMap kutumia picha zake za Bing kwa kazi hiyo, na tangu hapo vijiji vingi vilivyokuwa tupu juu ya ramani vikaanza kuonekana.

Mwaka huo huo wa 2010, tetemeko la Haiti lilifanya watu wa kujitolea waelewe namna kazi hiyo inaweza kusaidia wakati wa musiba, na shirika Humanitarian OpenStreetMap Team likazaliwa. Mwaka wa 2014 kukaja mupango Missing Maps, wenye ndani Musalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka. Lubumbashi ni kati ya miji ya kwanza ambayo mupango huo uligusa.

Kwa watu wa mashariki, mufano unaojulikana zaidi ni wa Ebola. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina, karibu na Beni. Ulifika Ituri, ulifika Butembo, na ulitangazwa kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Ndani ya wakati huo, watu wa kujitolea wa inchi mbalimbali walichora nyumba na barabara za maeneo hayo kutoka kwa picha za satelaiti. Sababu ilikuwa ya wazi. Kikundi kinachotafuta watu waliogusana na mugonjwa kinahitaji kujua kijiji kiko wapi, kuko nyumba ngapi, na pikipiki inaweza kupita njia gani. Picha peke yake haijibu. Mashini haiwezi kuhesabu nyumba ndani ya picha ya kawaida bila kazi ingine, lakini ndani ya vekta kila nyumba ni kitu kimoja, na inahesabika kwa mara moja.

Ila muchoraji aliye Ulaya anaona paa la nyumba, haoni jina la kijiji. Hajui kama paa lile ni kanisa ao ni depo. Hajui kama njia inapitika wakati wa mvua. Jina na habari hizo zinatoka kwa watu wa pale tu.

Mustari safi unaweza kudanganya

Hapa njo penye hatari. Ramani ya vekta ni safi, mistari yake imenyooka, rangi zake zinapendeza. Usafi huo unafanya mutu aiamini kupita kiasi. Picha ya satelaiti inaonyesha angalau kile kilichokuwa pale siku ilipopigwa. Mustari wa vekta unaonyesha kile ambacho mutu fulani alichora, siku fulani, na unabaki hivyo paka mwingine aubadilishe.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka. Moto wa volkano ulishuka na kusimama Buhene, kwenye malango ya Goma, na ulikata barabara ya taifa namba 2 inayokwenda Rutshuru. Mbele yake, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, mulipuko mwingine ulipita katikati ya muji mpaka ziwani na kufunika sehemu ya kiwanja cha ndege. Na mwanzoni mwa mwezi wa tano 2023, katika teritware ya Kalehe, mafuriko yalifagia sehemu kubwa ya Bushushu na Nyamukubi, na mamia ya watu walikufa.

Katika musiba wa namna hiyo, mustari hauwezi kujifuta wenyewe. Asubuhi inayofuata, barabara iliyofunikwa na mawe inabaki imechorwa juu ya ramani kama jana, na nyumba iliyoondoka na maji bado iko na kuta zake nne. Ndani ya OpenStreetMap, mutu akirekebisha, badiliko linaweza kuonekana kwenye ukurasa wa ramani kisha dakika chache. Lakini yule aliyeshusha ramani ndani ya telefone miezi sita mbele, anaendelea kuona barabara ya zamani. Unga ukikaa sana ndani ya mufuko, nao unaharibika.

Kwa hiyo mwenye ramani bila rezo iko na deni moja: kuishusha upya mara kwa mara. Na hata akifanya hivyo, habari ya watu waliopita njia hiyo asubuhi ile inabaki mbele ya ramani yoyote. Ramani haijui kama daraja limevunjika jana, na haijui kama njia iko na usalama leo.

Namna ya kutambua, na cha kufanya mbele ya safari

Mutu asiye injinia anaweza kutambua ramani yake kwa majaribio matatu. La kwanza: akuze ramani pole pole kwa vidole viwili. Kama majina yanavutika, yanakuwa na ukungu, kisha yanaruka mara moja na kuwa safi, ni pikseli. Kama yanabaki safi wakati wote, ni vekta. La pili: aigeuze. Majina yakilala pamoja na ramani, ni picha. Yakibaki wima, ni vekta. La tatu: azime koneksio, kisha akuze fasi ambayo alikuwa ameiona kutoka mbali tu. Kare tupu zinaonyesha kama picha mupya zinakosekana.

Ukurasa mumoja unaweza pia kuwa na zote mbili. OpenStreetMap yenyewe, iliyojulikana kwa picha zake miaka mingi, iliongeza ramani ya vekta kwenye ukurasa wake mwaka wa 2025, na ile ya picha ikabaki. Na aplikasio nyingi zinaweka picha ya satelaiti chini, kisha barabara na majina ya vekta juu yake. Mutu anayetaka kuchunga mega aanze kwa kuondoa satelaiti. Njo inayokula zaidi.

Mbele ya safari ya mbali, kazi ni chache. Kushusha ramani ya jimbo mahali penye Wi-Fi. Kuangalia kama fasi anapokwenda iko na jina ndani yake, kwa sababu kutafuta "kituo cha afya" hakutasaidia kama hakuna aliyekiandika. Kujaribu ramani ile koneksio ikiwa imezimwa, angali nyumbani, si katikati ya njia. Kujaza batri, juu vekta inaomba makala. Na kama kijiji chake hakionekani, ao kimeandikwa jina la makosa, mutu anaweza kufungua konti ya OpenStreetMap bila kulipa na kukirekebisha mwenyewe, ao kumuomba kijana wa masomo anayejua kompyuta afanye pamoja naye.

Yule motari wa pili, pale kwenye ronpwe, hakuwa na telefone ya kushinda mwenzake. Alikuwa na mufuko wa unga aliouchukua mbele ya mega kuisha. Na kituo cha afya kilionekana juu ya kioo chake kwa sababu siku moja mutu fulani anayeijua kartie ile alichukua dakika mbili kuandika jina lake.